Sweet Pea ya inchi 5: boila imara, tumbo dogo

Ukitafuta kichwa cha treni cha mvuke cha mfano, kile kidogo ambacho utakaa nyuma yake na kikuvute kweli, soko la mitumba hapa Uingereza halikosi Sweet Pea. Michoro yake ni ya Jack Buckler, kwa reli yenye upana wa inchi 5, yaani milimita 127. Sura kaiga vile vichwa vidogo vya kiwanda cha Bagnall cha Stafford: magurudumu manne, tangi limekalia mgongo wa boila. Nyingi zimeundwa na mafundi wa nyumbani, kila mmoja kwenye banda lake, kwa hiyo hakuna mbili zinazofanana. Yangu nimeitumia vya kutosha kuijua tabia yake, na ninayoyasema yanahusu mchoro zaidi kuliko fundi.

Boila ndiyo iliyonivuta. Ni ya shaba tupu, na tanuru lake ni bomba la mviringo lililozungukwa na maji pande zote hadi chini, mtindo wa boila za meli. Fundi wa kawaida anaimudu. Lakini uviringo huohuo ndio unaokupa kazi. Wavu wa chuma unaobeba makaa umekaa juujuu, na nafasi ya majivu chini yake ni finyu. Majivu yakijaa hewa haipiti, moto unalegea, na mshale wa geji ya presha unaanza kuteremka huku umebeba watoto wanne wanaotaka mbio. Tena moto huwezi kuuangusha chini kwa dharura, maana chini ni maji. Unautoa kwa nyuma, mlangoni. Asiyependa kushika kijiti cha majivu kila anaposimama stesheni atafute mashine nyingine.

Kuwasha ni raha. Naloweka mkaa wa kuchomea nyama kwenye mafuta ya taa tangu usiku. Asubuhi nafikisha maji robo tatu ya kioo cha kupimia maji ya boila, napaka oili kila kiungo, halafu naweka feni ya volti 12 juu ya bomba la moshi ivute hewa, kwa kuwa boila baridi haina mvuke wa kujisaidia. Mkaa ukikolea nafuatisha makaa ya mawe, kijiko kimoja kimoja. Geji ikigonga paundi 20 hivi kwa inchi ya mraba nafungua mvuke wa kupuliza kwenye bomba la moshi na kuiondoa feni. Kuanzia hapo mashine inajipumulia yenyewe, mpaka valvu ya usalama ipige kelele kwenye paundi 80.

Makaa yenyewe siku hizi ni mtihani. Yale ya Wales ambayo wazee wa klabu ya treni ndogo wanayasifia hayapatikani kirahisi. Mgodi wa Ffos-y-Fran, Merthyr Tydfil, ulifungwa Novemba 2023. Mifuko ya makaa ya majumbani nayo ilipigwa marufuku kuuzwa England Mei 2021, na hapo sina kilio, yalikuwa yanaziba mirija kwa masizi. Natumia anthrasaiti, makaa ya mawe magumu, iliyochekechwa, punje za ukubwa wa njugu mawe. Joto lake kali, moshi kiduchu, ila ina kiburi: ikianza kufifia haibembelezeki. Ndiyo maana kabla ya kufunga mvuke wa silinda unafungua kwanza ule wa kupuliza. La sivyo moto unarudi nyuma na kukulamba vidole.

(Mjomba wangu wa Voi nilipomtumia video aliuliza makaa ya nini. Garratt za daraja la 59 alizozizoea, vile vichwa vikubwa vya reli ya Kenya, zile zilizoundwa na Beyer Peacock wa Manchester, zilichoma mafuta mazito. Moja, namba 5918, bado iko makumbusho ya reli Nairobi.)

Kasoro inayoniudhi ni tangi. Likikalia boila, maji yanapata moto, na injekta, kifaa kinachosukuma maji ndani ya boila kwa nguvu ya mvuke, haitaki maji ya moto: inatema tu pembeni badala ya kuingiza. Nimehamishia maji ya injekta kwenye kigari cha dereva na ugomvi umekwisha. Pampu ya mkono usiing'oe hata kama ni nzito, siku injekta ikigoma ndiyo itakayokurudishia maji kwenye kioo.

Mfumo wa valvu, unaogawa mvuke kwenye silinda, ni wa aina ya Hackworth, uko nje na unauona ukicheza. Hapo ndipo pa kukagua unaponunua. Mwambie muuzaji aiendeshe polepole, kisha sikiliza: mlio mara nne kwa kila mzunguko wa gurudumu, zote sawa. Ukisikia mbili nzito na mbili hafifu, huenda vitelezi vya mfumo huo vimelika, au valvu hazikupangwa vizuri. Inatengenezeka, lakini bei ishuke.

Kwenye boila usipatane. Bila cheti cha ukaguzi hakuna klabu itakayokuruhusu kwenye reli zake. Muuzaji akisema "iko sawa tu, bwana", mwombe ijazwe maji baridi na kupandishwa hadi paundi 120, mara moja na nusu ya presha ya kazi, mbele ya mkaguzi. Wa kwanza niliyemfuata alianza kuniambia habari za hali ya hewa. Wa pili alileta pampu mwenyewe, mshale ukasimama palepale, nami nikamhesabia pauni 2,400 zake bila kubishana.