Mtumba wa gia 21 kwa shilingi 120,000: palipokula pesa na palipokula jasho

Nianze na hukumu: mountain baiki kuukuu ya mtumba inafaa kufufuliwa hapa Tabora, ilimradi ukubali kuosha kabla ya kukimbilia kununua. Niliyoitengeneza ina fremu ya chuma, ringi za inchi 26, sproketi tatu mbele na saba nyuma, breki za kantilever, na haina shokapu. Vifaa vya gia ni Shimano vya zamani. Ilikuwa imeachwa nje kwa misimu kadhaa ya mvua. Bajeti niliyojiwekea, mbali na bei ya baiskeli yenyewe, ni shilingi 120,000, na imetosha.

Kabla ya kutoa hela, kagua vitu ambavyo vikiwa vimekufa hakuna bajeti ndogo itakayoviokoa. Tazama fremu pale bomba la juu na la chini yanapokutana na bomba la foku; mstari mwembamba wa kutu unaopasua rangi mara nyingi ni ufa. Kwenye ringi, laza kitu kilichonyooka juu ya ukuta unaosuguliwa na breki. Ukuta ukiwa umebonyea kuelekea ndani, ringi imelika, na siku ukijaza upepo itapasuka. Halafu bomba la siti: la aluminiamu ndani ya fremu ya chuma hugandana hadi linakuwa kama kitu kimoja. Kama halizunguki hata baada ya kulowekwa mafuta mepesi usiku kucha, na urefu wake haukufai, iache hiyo baiskeli.

Hanga ya gia ya nyuma, yaani sikio la fremu linaloshika mtambo wa gia, ikiwa imepinda usiogope, kwa fremu ya chuma. Tundu lake lina uzi wa milimita 10 wenye hatua ya 1, sawa na ekseli ya gurudumu la nyuma. Fungia ekseli ya gurudumu jingine kwenye hanga, kisha vuta taratibu mpaka magurudumu mawili yaende sambamba. Kwa fremu ya aluminiamu sishauri, inakatika.

Sehemu iliyonifurahisha kuliko zote ni shifta, ile ya kubadilishia gia kwenye usukani. Ukisukuma kwa kidole gumba, inakwenda na kurudi bila kukamata kitu, na fundi yeyote mwenye haraka atakwambia imekufa, nunua nyingine. Mara nyingi haijafa. Grisi ya kiwandani imekauka ndani ikawa kama gundi, na kile kijino kinachotakiwa kuangukia kwenye meno kimenatia. Toa waya, fungua kifuniko cha chini, lakini usiguse nati ya katikati kwa sababu springi zikiruka hutazirudisha. Chukua bomba la sindano, mwagia mafuta ya taa ndani, acha yakae, sukuma shifta mara nyingi, mwagia tena. Maji meusi yanaanza kutoka, na mlio wa "tik" unarudi mmoja mmoja. Yakianza kutoka safi, iache ikauke kisha weka matone machache ya mafuta ya cherehani. Usiweke grisi, utarudi pale pale. Shifta mpya za bei rahisi nilizoshika dukani ni plastiki tupu. Hii kuukuu iliyooshwa inakamata vizuri zaidi.

Friwili, lile fungu la sproketi za nyuma, nayo haikutoka. Laza gurudumu, mwagia mafuta ya taa kwenye mwanya kati ya sehemu inayozunguka na isiyozunguka, zungusha, mwagia tena mpaka yatoke upande wa pili bila mchanga. Malizia na oili safi ya injini. Kuifungua yenyewe ni mkasa: ndani kuna gololi ndogondogo nyingi.

Habu, yaani vitovu vya magurudumu, ndizo zinazotaka jasho. Unahitaji spana nyembamba za koni (nati zinazobana gololi kwenye ekseli), 13 mbele na 15 nyuma. Spana ya kawaida haiingii. Fungua, osha, kausha, halafu angalia koni kwenye jua. Ikiwa na mashimo kama ya ndui, badilisha koni; ikiwa na mng'ao tu, endelea. Gololi badilisha zote bila huruma: mbele ni 20 za 3/16, nyuma ni 18 za 1/4. Ni spea za bei ndogo kuliko zote, na hakuna sababu ya kurudisha za zamani. Kaza koni mpaka mchezo uishe, lakini ukishika ekseli kwa vidole izunguke bila kukwaruza. Grisi inayochuruzika nje ifute, la sivyo mchanga wa Tabora utajishikiza hapo na kuingia ndani.

Kwenye krenki, azima kifaa cha kuivuta itoke. Nyundo inapindisha ekseli na kuua uzi wa krenki, na krenki ni ghali kuliko kumpoza fundi mwenye kifaa. Kumbuka pia kwamba kikombe cha gololi za ekseli ya krenki, upande wa kulia, hufunguliwa kwa kuzungusha kama mshale wa saa, kinyume na ulivyozoea. Pedali ya kushoto ni hivyo hivyo. Watu wengi huharibu uzi hapo kwa kutumia nguvu.

Sasa palipokula pesa. Tairi na tyubu ndizo zilizokula nyingi kuliko kitu kingine. Usiseme tu "nataka inchi 26", maana tairi ya 26 x 1 3/8 inaitwa 26 na haikai kwenye ringi hii. Soma namba ndogo ubavuni, kipenyo cha ringi kwa milimita: iwe 559, si 590. Nilichukua za 1.95, kwa sababu kwenye njia za mchanga za Uyui tairi nyembamba inazama. Upepo naujaza kama 35 psi. Kwa ajili ya mbigili, chukua tyubu kuukuu, ipasue kwa urefu, kata sehemu ya valvu, kisha ilaze ndani ya tairi kabla ya tyubu mpya. Inaongeza uzito kidogo, lakini mbigili nyingi hazifiki.

Cheni pima kwa rula: pini 25 zinazofuatana, yaani nafasi 24 za nusu inchi, zitoe inchi 12 kamili. Ikizidi 1/16, badilisha. Ikifika 1/8, friwili nayo imekwisha, na cheni mpya itaruka meno ukikanyaga kwa nguvu. Muuzaji atakupa ya Phoenix, baiskeli isiyo na gia, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu na mkono wake. Hiyo ni pana, 1/8, na inagusa sproketi ya jirani. Ya gia ni 3/32. Urefu: ipitishe sproketi kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma bila kupita kwenye mtambo wa gia, kisha ongeza inchi moja. Na tafadhali, oili chafu kutoka gereji usiiguse. Ina vumbi la chuma tayari, na ukiichanganya na mchanga wetu umetengeneza msasa.

Waya na makava yake nilinunua mapya yote. Kava la breki lina waya uliosokotwa kama springi. La gia lina nyuzi zilizonyooka kwa urefu. Kava la gia kwenye breki linaweza kupasuka ukishika breki ya ghafla, kwa hiyo usikubali kufungiwa lolote lililopo. Mipira ya breki iweke ncha ya mbele itangulie kugusa ringi kwa kama milimita 1, zile kelele zinaisha. Gia ikikataa kupanda kwenye sproketi kubwa, zungusha kirekebishi cha waya robo mzunguko kinyume cha saa, jaribu, ongeza tena.

Rangi sikugusa. Msasa kidogo na vanishi penye kutu panatosha. Hela ya rangi ni gololi, waya na mipira ya breki.

Upungufu upo. Gia ya mbele bado inagoma kwenye sproketi ndogo, na sikuona sababu ya kuihangaikia, Tabora ni tambarare. Keria inahitaji vibano kwa kuwa fremu haina matundu yake. Dumu moja la asali la lita 20 ni kama kilo 28, na hilo gurudumu la spoku 36 linalimudu. Mwenye kutoa madumu mawili Sikonge abaki na Phoenix.