Mark 23: bastola iliyokataa kuingia kwenye sefu yangu

Sefu yangu ya kando ya kitanda ina urefu wa sentimita 23 kwa ndani. Nimeipima mara tatu, mara ya mwisho ikiwa saa sita usiku, mama watoto akinitazama kutoka kitandani bila kusema neno. Bastola niliyokuwa nikiitaka ina urefu wa sentimita 24 na nusu. Ningeshika hesabu hiyo tangu mwanzo, ningeokoa wiki sita za maisha yangu na mafuta mengi ya gari.

Bastola yenyewe ni Mark 23 ya kampuni ya Heckler & Koch, Wajerumani wa mji wa Oberndorf. Mimi ni Mkenya, naishi Texas, na nilikuwa na sababu yangu ya kuitaka. Baba yangu alikuwa askari, akapelekwa Lodwar, na bunduki aliyoibeba miaka yote ilikuwa G3, silaha ambayo Mkenya yeyote aliyewahi kupita kwenye kizuizi cha barabarani anaijua. G3 ni kazi ya kiwanda hichohicho. Sisi watoto tuliruhusiwa kuitazama, si kuigusa. Harufu ya mafuta yake bado naijua. Kwa hiyo rafiki yangu mmoja, Mtanga tunayefanya naye kazi, aliponiambia anayo bastola kubwa ya Heckler & Koch iliyotengenezwa kwa ajili ya makomando wa Marekani, nilishanunua moyoni kabla sijaiona.

Alinipeleka uwanja wa shabaha Jumamosi moja. Alipofungua kisanduku akasema, "Kaka, hii si bastola, ni mchi." Hakukosea. Nina mikono ya kawaida ya mtu mzima, lakini kidole changu cha shahada kilikifikia kifyatuo kwa ncha tu, kama mtoto anayejaribu kufikia kengele ya mlango. Bila risasi ina karibu kilo moja na robo. Ukiijaza risasi zake 12 za .45 (yaani kipenyo cha karibu inchi 0.45) inakaribia kilo moja na nusu, na hapo hujaifunga kiwambo cha sauti, kile cha mdomoni cha kupunguza mlio, wala taa.

Ukubwa huo una maelezo yake, na nisingeyajua ningeiona ni upuuzi mtupu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kamandi ya vikosi maalumu vya Marekani ilitaka bastola ya kushambulia, si ya kujihami. Kwa kawaida bastola ya askari ni ya akiba, unaishika bunduki ikikwama. Hii walitaka iwe ndiyo silaha yenyewe usiku: mtu anatoka majini, anafunga kiwambo cha sauti, anawasha mwanga wa leza, anaingia. Ndiyo maana wakachagua .45. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, na risasi ya .45 ya kawaida hutoka na kasi ya mita 250 hivi, kwa hiyo haipasui hewa kwa kishindo kile ambacho hakuna kiwambo kinachoweza kukizima. Kampuni ya Colt nao waliingia kwenye mashindano wakaachwa njiani. Heckler & Koch wakaanza kukabidhi bastola zao mwaka 1996.

Halafu askari wengi walionaje? Kubwa mno. SEAL, makomando wa majini wa Marekani, waliendelea kubeba bastola ya SIG P226, na hilo halikunishangaza hata kidogo baada ya dakika kumi za kuishika. Ila hizo dakika kumi zilinifanyia jambo baya, kwa sababu bastola inapiga vizuri kuliko zote nilizowahi kushika.

Niseme ukweli hapa. Nilitegemea teke la punda. Uzito ule unalimeza teke lote, mkono unasukumwa polepole, kama mtu anayekuambia sogea kidogo kwenye matatu. Mvuto wa kwanza wa kifyatuo ni mrefu na mzito, lakini nyundo ikishakaa nyuma, inayofuata ni laini kabisa. Kuna kiwiko kidogo cha kushushia nyundo taratibu bila kufyatua, mbali na kile cha usalama, na kwenye mtutu kuna pete ya mpira inayoukaza ukae palepale kila unapojifunga. Kwa yadi 25, nikiwa nimeegemeza mikono, risasi zangu tano zilikaa ndani ya eneo la kisahani cha chai. Mimi si mlenga shabaha. Kwa bastola yangu ya kila siku, umbali huo, risasi tano zinatafutana kama ndugu waliogombana. Sanduku la risasi 50 lilinigharimu dola 28 na likaisha nikiwa bado natabasamu.

Nilirudi nyumbani nikaanza kutafuta. Nikaipata ya mkononi kwa muuzaji mmoja wa silaha umbali wa saa mbili na nusu kutoka kwangu, anataka dola 2,800. Alikuwa na maelezo ya kuvutia: ni ya mwaka 1996, toleo la mwanzo kabisa, ina kila kitu chake cha asili, pamoja na magazini zake mbili (vibweta vya risasi vya kuingiza kwenye mpini) za risasi 12. Ndiyo maana bei imepanda, akasema, hii ni ya kuweka, si ya kupiga. Nikamwambia nakuja.

Mtanga ndiye aliyeniokoa. Kabla sijaondoka alinifundisha kusoma herufi. Bastola za kiwanda hiki zina herufi mbili ndogo za mwaka wa kutengenezwa: A ni 0, B ni 1, C ni 2, unaendelea hivyo, J inarukwa, K ni 9. Kwa hiyo ya mwaka 1996 lazima iwe na KG. Karibu na herufi hizo utaona pembe ndogo ya kulungu, alama ya mji wa Ulm ambako silaha za Oberndorf hupimwa. Niliandika yote hayo kwenye simu.

Dukani nilipewa niishike. Nilikuwa nimeshaweka noti za kutanguliza kwenye mfuko wa shati. Nikainamisha bastola kwenye mwanga wa taa: pembe ya kulungu ipo, na kando yake AC. Yaani 2002.

Kuna jambo jingine lililonikaa vibaya, ambalo nililifikiri nikiwa bado nimeishika. Kuanzia 1994 hadi 2004 sheria ya Marekani ilikataza kumuuzia raia magazini mpya ya risasi zaidi ya 10. Mark 23 iliyouzwa kwa raia mwaka 1996, au hata 2002, ilitoka dukani na magazini za risasi 10. Zile za 12 "za asili" haziwezi kuwa zilizaliwa na bastola hii. Mtu alizinunua baadaye, jambo ambalo si kosa lolote, ila usiniambie ni za asili. Mwenye kukusanya vitu analipia hadithi iliyo kamili, na hadithi hii ilikuwa na matundu mawili kabla sijaulizia kisanduku. Kisanduku nacho hakikuwepo.

Nilimwonyesha herufi. Akasema labda sehemu ya juu ilibadilishwa. Nikamuuliza, kama ilibadilishwa, uasili uko wapi? Alicheka kidogo akaniuliza kama ninaleta ofa. Nikasema dola 1,900. Akaichukua bastola mkononi mwangu, kwa adabu kabisa, akairudisha kwenye kabati la kioo.

Kwenye gari ndipo nilianza kujiuliza maswali ambayo ningejiuliza wiki ya kwanza. Kuibeba kiunoni haibebeki, hata ala za kuitosha ni za kutafuta kwa tochi. Taa za kisasa haziingii kwenye mifereji yake, kwa sababu iliundwa kabla ya vipimo tunavyovijua leo, kwa hiyo unanunua kiunganishi. Nyuzi za mtutu ni za milimita, na viwambo vingi vya .45 vinavyouzwa hapa ni vya inchi, kwa hiyo unanunua kiunganishi kingine. Na kiwambo chenyewe kina makaratasi yake ya serikali kuu, alama za vidole na picha. Ukiiweka bila hivyo vyote, una nusu ya kifaa. Makaratasi ya bastola peke yake si magumu: mwenye kadi ya kijani kama mimi anajaza fomu ileile ya kununulia silaha, ya 4473, anaongeza namba yake ya uhamiaji, jina linapitishwa kwenye ukaguzi wa serikali kuu.

Tena nina mpango wa kurudi nyumbani, si mwaka huu, lakini upo. Mark 23 hairudi nami kama televisheni kwenye kontena. Kenya unahitaji kibali cha bodi ya leseni za silaha, na sijui ningewaelezaje kwamba nahitaji bastola ya makomando kule Kitale. Ningelazimika kuiuza hapa, na hapo ndipo AC badala ya KG ingenirudia mimi, safari hii nikiwa upande wa pili wa kabati la kioo.

Nilipofika nyumbani mama watoto aliniuliza swali moja tu. "Ungeiweka wapi?" Nikaanza kueleza kuhusu sefu kubwa ya chini, ile ya kubebwa na watu wawili. Akaniuliza bei ya sefu. Nikaitaja. Watoto wetu ni wa miaka 9 na 12, na Texas ni kosa la jinai kuiacha silaha yenye risasi mahali ambapo aliye chini ya miaka 17 anaweza kuifikia, kwa hiyo kuiweka juu ya kabati nguo zikiifunika haikuwa hata jambo la kujadiliwa. Bastola, sefu, viunganishi viwili, kiwambo, magazini za ziada: nilijumlisha nyuma ya bahasha nikafika dola 4,600, kwa kitu ambacho ningekitoa mara nne kwa mwaka kukipangusa mafuta.

Kwa anayefikiria kununua: kama unataka bastola ya nyumbani au ya kubeba, hata usiende kuiona, kwa sababu ukiipiga mara moja akili itakuhama kama ilivyonihama mimi. USP ya .45 ya kampuni hiyohiyo inakupa sehemu kubwa ya kazi ile kwa bei ya chini, na inaingia kwenye sefu. Kama wewe ni mkusanyaji na pesa ipo, sioni ubaya wowote, ni chuma kizuri mno. Soma herufi kwanza, kisha hesabu magazini, kisha ndiyo usikilize hadithi ya muuzaji, kwa mpangilio huo.

Mimi bado ninaenda uwanjani na Mtanga kila mwisho wa mwezi. Risasi nanunua mimi, bastola ni yake. Na ukikutana na yenye KG, kisanduku chake na magazini mbili za risasi 10, niambie, ila usipige simu baada ya saa tatu usiku, mama watoto atapokea.