Daftari la shule la Kijerumani la euro 6: uzoefu wangu na wazee wa Sütterlinstube

Nililinunua kwa euro 6 kwenye soko la mitumba, Jumapili moja ya mvua hapa Leipzig, chini ya rundo la kadi za posta za zamani. Daftari jembamba, jalada la buluu lililofifia, pini mbili za katikati zimeota kutu hadi zimeacha madoa kwenye karatasi. Muuzaji alikuwa amechomeka kikaratasi: "takriban 1890". Ndani mna kurasa 32 za mwandiko wa mtoto, na sikuweza kusoma hata neno moja.

Kijerumani nakijua. Huu ni mwaka wa saba nafanya kazi katika nyumba ya wazee, na ripoti za zamu naziandika kwa Kijerumani kila siku. Lakini mwandiko ule ulikuwa kama ua wa vijiti: kijiti, kijiti, kijiti, hapa na pale kitanzi. Kitu pekee nilichokitambua ni kalamu nyekundu ya mwalimu. Mama yangu alifundisha darasa la tatu Muheza kwa miaka mingi, nasi wanawe tumekua tukiyaona madaftari yamepangwa mezani usiku, yeye anasahihisha karibu na taa ya chemli. Alama ya vema ya mwalimu naijua popote nitakapoiona. Nikatamani kumjua mtoto huyu: wa wapi, alisoma mwaka gani, nani alimsahihishia.

Naandika haya kwa ajili ya yeyote mwenye karatasi ya Kijerumani ndani ya sanduku la familia asiyejua aanzie wapi.

Mimi nilianzia pabaya. Nilitumia programu moja ya akili mnemba, zile za kupiga picha ukurasa ikakupa maandishi ya chapa pamoja na tafsiri. Jina lake si muhimu, ziko nyingi zinazofanana. Kwenye kutambua herufi ilijitahidi sana, na nilifurahi kuona vile vijiti vinageuka maneno. Balaa lilikuja kwenye maana. Ukurasa wa tisa mtoto ameandika insha fupi juu ya nyumbani kwao, na tafsiri ikaniambia: "Baba yangu anafanya kazi kwenye kibanda." Nikaamini. Nikamwaza baba anayechunga ng'ombe milimani, nikaanza kutafuta vijiji vya wafugaji kule kusini, Bavaria. Wiki mbili za jioni zangu zikaishia huko. Kwenye ukurasa wa hesabu nikaambiwa kwamba Rentenmark 1 (fedha ya zamani ya Ujerumani) ni sawa na mark za karatasi bilioni 1, yaani sifuri tisa, ilhali mtoto mwenyewe ameandika sifuri kumi na mbili. Nilizihesabu kwa ncha ya sindano. Kumi na mbili.

Mwenzangu wa kazini ndiye aliyenielekeza Sütterlinstube ya Hamburg. Hawa ni wazee wanaojitolea kusoma miandiko ya kale ya Kijerumani na kuiandika upya kwa herufi za leo: barua za vitani, shajara, karatasi za kanisa. Unapiga skani, unawatumia kwa barua pepe, unasubiri. Hawana bei iliyopangwa, unatoa mchango. Nilipokuwa naandika ile barua ya kwanza nilikaa muda mrefu kwenye mstari wa salamu, maana watu wa umri ule kwetu huanzi na maneno mengine kabla ya shikamoo, na Kijerumani hakina neno hilo. Mwishowe nikaeleza kwa sentensi mbili shikamoo ni nini, kisha nikaiandika. Jibu lilipokuja lilianza na "Marahaba". Walikuwa wameitafuta wenyewe.

Nilipokea kurasa zangu zote 32 zimepigwa chapa, mstari kwa mstari kama zilivyo kwenye daftari, makosa ya tahajia ya mtoto yameachwa yalivyo. Jambo hili ni kubwa kuliko linavyoonekana. Ile programu ilikuwa inamsahihisha mtoto kimyakimya, nami sikujua kama ninachokisoma ni chake au ni cha mashine. Hawa wazee hawakumgusa. Pale aliporuka herufi, imerukwa. Pale mwalimu alipoongeza kitu kwa wino mwekundu, wameandika pembeni: "kwa nyekundu".

Hapo ndipo nilipoiona vizuri ile sifuri ya kumi na mbili. Hesabu inasema: Rentenmark 3 ni mark ngapi za karatasi? Mtoto ameandika 3, kisha sifuri kumi na moja, zimembana mwishoni mwa mstari hadi ya mwisho ni nukta tu. Ya kumi na mbili imeongezwa na mwalimu, nyekundu, imevuka mstari wa pambizo. Nilikuwa nimezihesabu zote bila kutofautisha rangi.

Bibi mmoja wa kikundi aliniomba tuzungumze kwa simu, na ile saa moja na nusu ndiyo iliyofungua kila kitu. Alianza na mwandiko wenyewe. Unaitwa Sütterlin, kwa jina la Ludwig Sütterlin, msanii wa Berlin ambaye mwaka 1911 alipewa na wizara ya Prussia, dola kubwa ndani ya Ujerumani ya wakati huo, kazi ya kubuni mwandiko mwepesi kwa watoto. Shule za Prussia zilianza kuutumia mwaka 1915. Mwandiko uliotangulia, Kurrent, unalala upande, na mistari yake inanenepa na kukonda kadiri nibu inavyokandamizwa. Sütterlin unasimama wima na unene wake ni mmoja. Akaniambia nitazame mistari ya daftari. Herufi zimegawanywa ngazi tatu, juu, kati na chini, na nafasi zake zinalingana. Madaftari ya Kurrent huwa na ngazi ya kati iliyobanwa. Nikapima kwa rula: zinalingana. Kwa hiyo "takriban 1890" ya muuzaji ikafa hapo hapo. Upande wa pili nao una mpaka: mwaka 1941 serikali ya Wanazi ilipiga marufuku kufundisha miandiko hii shuleni.

Akaongeza ushahidi wa tahajia, nami nikaupenda sana kwa sababu mama yangu angeupenda. Zamani Wajerumani waliandika Thal kwa maana ya bonde na Thür kwa maana ya mlango. Mkutano wa tahajia wa mwaka 1901 uliiondoa ile h, ikawa Tal na Tür. Mtoto wetu anaandika Tal bila h kila mahali. Lakini kuna neno moja analoliandika na h mara nne bila kukosea: Thale. Majina ya miji hayakuguswa. Programu ilikuwa imelichukulia kuwa ni "bonde" lililoandikwa vibaya, ikalitafsiri hivyo.

Thale ni mji wa milima ya Harz, mahali ambapo mto Bode unatoka kwenye korongo. Bibi alipofika kwenye neno hilo alinyamaza kidogo, kisha akasema yeye amezaliwa huko huko Harz.

"Na baba hafanyi kazi kwenye kibanda, mwanangu," akaniambia. "Kwetu ukisema die Hütte, hakuna anayewaza kibanda. Ni kiwanda cha chuma."

Neno ni moja, Hütte, lina maana zote mbili. Kiwanda cha chuma cha Thale historia yake inaanzia mwaka 1686. Kilijulikana kwa vyombo vya bati vilivyopakwa enameli, jamii ya yale mabakuli meupe yenye ukingo wa buluu yaliyokuwa kwenye kila kabati la bibi zetu, na mwaka 1916 ndiko zilikotoka kofia za kwanza za chuma za jeshi la Ujerumani. Baba wa mtoto huyu alikuwa mfanyakazi wa kiwandani. Mimi nilimpa ng'ombe.

Na ile bilioni? Kijerumani kinahesabu tofauti na sisi. Bilioni yetu wao wanaiita Milliarde, na wanachokiita Billion ndiyo trilioni yetu. Mwaka 1923 fedha ya Ujerumani iliporomoka hadi mkate ukauzwa kwa mamia ya mabilioni ya mark. Novemba 15 mwaka huo ikatolewa fedha mpya, Rentenmark, na moja ilibadilishwa kwa mark za karatasi trilioni moja. Mtoto alikuwa anafundishwa darasani jinsi ya kukokotoa kilichowapata wazazi wake dukani.

Mwaka niliumalizia mwenyewe, na nitaeleza njia kwa sababu yeyote anaweza kuitumia bila kulipa hata senti. Mtoto ameandika siku na tarehe bila mwaka. Ukurasa wa kwanza umeandikwa Jumatatu, tarehe 12 Mei. Kati ya 1915 na 1941, tarehe 12 Mei iliangukia Jumatatu mara nne tu: 1919, 1924, 1930 na 1941. Mwaka 1919 Rentenmark haijazaliwa. Mwaka 1930 na 1941 hakuna mwalimu anayehangaika na mark za karatasi zilizokwisha kufa. Umebaki 1924. Na inaingia vizuri, kwa kuwa enzi hizo mwaka wa shule ulianza baada ya Pasaka, na Pasaka ya 1924 ilikuwa Aprili 20. Mtoto alikuwa na daftari jipya, wiki tatu tu baada ya Pasaka.

Kijiji kilitoka kwenye karatasi ya kukausha wino. Kile kipande cha waridi kilikuwa bado katikati ya daftari, kimejaa maneno yaliyogeuka nyuma mbele. Nilikishika mbele ya kioo cha bafuni, nikapiga picha kwenye kioo, nikaituma Hamburg. Neno moja lilisomeka kamili: Weddersleben. Ni kijiji kilicho kilomita chache tu kutoka Thale, na leo kimeingizwa ndani ya mji huo. Likakubaliana na insha ya ukurasa wa 21, inayoanza kwa kusema kwamba kutoka dirisha la darasa wanauona Ukuta wa Shetani.

Insha hiyo ndiyo niipendayo kuliko zote. Teufelsmauer, Ukuta wa Shetani, ni safu ya miamba ya mchanga iliyosimama wima mashambani kama meno. Watu wa huko husimulia kwamba Mungu na Shetani waligawana nchi, na Shetani akaruhusiwa kuchukua sehemu yote atakayoizungushia ukuta kabla jogoo hajawika. Akajenga usiku kucha. Limebaki jiwe moja. Mama mmoja anakwenda sokoni alfajiri na jogoo wake kikapuni, akajikwaa, jogoo akashtuka akawika. Shetani kwa hasira akaubomoa ukuta, ikabaki miamba ile. Mtoto ameandika yote haya kwa sentensi fupi fupi, na alipofika kwa jogoo ameandika mlio wake kwa herufi kubwa zinazogusa mstari wa juu. Mwalimu hakusahihisha kitu hapo. Ameweka vema.

Nilikwenda kuona. Treni ikanishusha Neinstedt, nikatembea kwa miguu hadi kwenye miamba nikiwa na nakala ya ukurasa ule kwenye mfuko wa nailoni. Nilisoma ile insha kwa sauti nikiwa nimesimama chini ya mwamba mrefu kuliko yote, nikitazama paa za Weddersleben. Jina la mtoto lipo kwenye jalada na ninalijua, lakini silitaji hapa, kwa sababu inawezekana wajukuu wake bado wako.

Kwa wanaotaka kujua kama huduma inafaa: kwangu inafaa kabisa. Uwe na subira, hawa ni wazee wanaojitolea. Mimi nilijibiwa kwa Kijerumani, kwa hiyo utahitaji mtu wa kukutafsiria kama hukijui. Skani iwe ya rangi, ukurasa mzima pamoja na kingo zake, vinginevyo wino mwekundu na mweusi havitofautiki. Kama huna mashine, piga picha karibu na dirisha mchana, zima flashi. Jalada, pini na vipande vilivyo huru usiviache. Mchango nilioutoa ulikuwa euro 50, nikaongeza 20 baada ya ile simu, kwa hiari yangu.

Jambo moja kwa ndugu zangu wa nyumbani. Karatasi za enzi ya Wajerumani zilizopo Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na zile za makanisa, msiziite Sütterlin. Nyingi ziliandikwa kabla ya 1915, kwa hiyo zilizo za mkono utazikuta kwa Kurrent, ile inayolala upande. Mkiomba msaada taja Kurrent, mtapelekwa kwa msomaji anayestahili.

Mjomba wangu Muheza ana hati moja ya shamba iliyokunjwa mara nane, ya babu wa babu yake, ambayo hakuna aliyewahi kuisoma. Jumamosi alinitumia picha. Nimemrudishia ujumbe aipige tena nje, asubuhi, aikunjue taratibu juu ya ubao, na kwenye karatasi nyingine aandike majina yote ya mito na vilima vinavyolizunguka lile shamba, kama wazee wanavyoyatamka. Bibi wa Hamburg ameniambia herufi ataziweza, ila hayo majina ayapate kwanza.