Matundu madogo au mkato mrefu kwa mzee mwenye saratani ya tumbo?

Upasuaji wa wazi hukata kuanzia chini ya kifua hadi karibu na kitovu. Ule wa matundu hupitisha kamera na vifaa vyembamba, na sehemu iliyoondolewa hutolewa kwa mkato mfupi. Ndani kazi ni ileile: kutoa uvimbe pamoja na tezi za limfu zilizo jirani.

Kwa mzee, tofauti kubwa naiona wodini. Mkato mrefu huuma kila anapokohoa. Asipokohoa, makohozi hubaki mapafuni na nimonia hunyemelea. Matundu huuma kidogo, damu hupotea kidogo, naye huinuka kitandani mapema. Huko kuinuka kuna uzito kuliko udogo wa kovu.

Hata hivyo, matundu huchukua muda mrefu zaidi, na gesi inayojazwa tumboni huyabana mapafu na kuulemea moyo. Mwenye moyo dhaifu sana huenda akafaa mkato wa kawaida.

Kuhusu kuishi, utafiti wa Korea Kusini wa 2019, usiohusu wazee peke yao, ulikuta matokeo ya njia hizi mbili kwa saratani ya hatua ya kwanza yakikaribiana: baada ya miaka 5, takribani asilimia 94 walikuwa hai kwa matundu, 93 kwa mkato.