Ink/Stitch kwenye sweta, fulana na kanzu: vipimo vya mshono nilivyobadilisha na kwa nini

Ink/Stitch ni programu ya bure ya kuandaa kazi za cherehani ya kudarizi. Haijitegemei. Inaingizwa ndani ya Inkscape, programu ya kuchorea michoro ya vekta, yaani ya mistari na maumbo, na unaikuta kwenye menyu ya Extensions. Inakubali Windows, Mac na Linux, na inatoa mafaili ya DST, PES, JEF, EXP na VP3, kwa hiyo cherehani nyingi za nyumbani na za karakana zinaisoma kazi yake. Ninachoipendea ni kwamba haifichi kipimo chochote. Tatizo ni kwamba namba inazokuja nazo ni za kuanzia tu, na anayezipeleka kwenye sweta la shule jinsi zilivyo atalaumu cherehani bure.

Vipimo vyote viko kwenye dirisha la Params. Unachagua umbo, unafungua Extensions, Ink/Stitch, kisha Params. Mshono unachorwa papo hapo kila ukibadilisha namba, sindano ikitembea kwenye skrini hatua kwa hatua. Ukichagua maumbo kumi ya aina moja, yote yanabadilika kwa pamoja. Maandishi ya kawaida hayashonwi mpaka uyageuze kuwa njia kwa Object to Path, na picha ya JPG uliyoiweka kama kielelezo haishonwi kabisa. Mpangilio wa kushona unafuata mpangilio wa maumbo: lililo chini kabisa kwenye orodha ndilo linaloanza. Mtu akishona mpaka wa nembo kabla ya kujaza katikati, kosa liko hapo, si kwenye vipimo.

Nianze na mjazo, yaani mistari ya uzi inayofunika eneo lote la umbo, maana ndio unaokula uzi na muda.

Nafasi kati ya mistari ya mjazo inakuja ikiwa milimita 0.25. Uzi wa kawaida wa kudarizi, namba 40, una unene wa karibu milimita 0.4, kwa hiyo 0.25 inapandanisha mistari. Kwenye turubai nene au jinzi kitambaa kitavumilia. Kwenye fulana ya kola au popilini ya kanzu kitakakamaa, kitakunjamana pembeni, na sindano itaanza kukata uzi kwa sababu inachoma palepale ilipokwisha choma. Mimi naweka 0.4 kwa kazi nyingi, 0.35 pale uzi mweupe au wa njano unapokaa juu ya kitambaa cheusi au cha bluu ya bahari. Chini ya 0.3 sishuki, labda uzi uwe mwembamba wa namba 60.

Piga hesabu uone tofauti. Mraba wa milimita 50 kwa 50, kwa nafasi ya 0.25, una mistari 200, yaani milimita 10,000 za uzi wa juu. Mshono mmoja ukiwa na urefu wa milimita 3, unapata mishono kama 3,330. Kwa 0.4 mistari ni 125, uzi milimita 6,250, mishono kama 2,080. Cherehani inayokwenda mishono 650 kwa dakika inamaliza ya kwanza kwa dakika tano na kidogo, ya pili kwa dakika tatu na ushei. Hiyo ni nembo moja. Oda ya sweta 100 ina tofauti ya zaidi ya saa tatu za mashine, na mteja haoni badiliko lolote ila kwamba nembo imekuwa laini zaidi mkononi.

Wengi wanaogopa kulegeza nafasi kwa sababu kitambaa kinaonekana katikati ya mistari. Hapo ndipo naona watu wanapokosea zaidi: kitambaa kikichungulia, wanabana mistari. Dawa ya kwanza ni mishono ya chini, ile inayotangulia kushikanisha kitambaa na karatasi ya nyuma, ile inayowekwa chini ya kitambaa kukiimarisha, kabla rangi yenyewe haijaanza. Kwenye Params ina kichupo chake, Fill Underlay. Ukiiacha ilivyo, inalala kwa digrii 90 dhidi ya pembe ya mjazo, na mistari yake inaachana mara nne ya ile ya juu. Kwa popilini hiyo inatosha. Kwa sweta la kufuma haitoshi, kwa sababu uzi wa juu unazama kati ya matundu ya ufumaji. Sehemu ya pembe inakubali namba zaidi ya moja ukizitenganisha kwa nafasi tupu ya kibodi: andika 45 135 nayo itashona tabaka mbili zilizokatizana, kama wavu chini ya rangi. Ongeza hapo nailoni inayoyeyuka kwenye maji juu ya sweta, na 0.4 itafunika vizuri. Kuna pia kipimo cha kuirudisha ndani kutoka ukingoni. Ukikiacha sifuri, mishono ya chini itachungulia pembeni ya umbo. Mimi naweka milimita 0.4 hadi 0.6.

Pembe ya mjazo nayo haipewi uzito unaostahili. Kila mshono unavuta kitambaa kuelekea urefu wake na kukisukuma upande wa pili. Ndiyo sababu duara lililochorwa vizuri linatoka kama yai: limepungua kufuata mistari, limerefuka kwa kuikata. Nembo yenye maumbo matano yote yakiwa na pembe sifuri inavuta kitambaa upande mmoja, kazi nzima inapinda. Nayabadilisha yanayopakana yasilale upande mmoja, moja 20, jingine 110, jingine 65. Mwanga pia unacheza tofauti kwenye kila pembe, kwa hiyo rangi mbili zinazokaribiana zinatofautika bila kubadilisha uzi.

Kuziba pengo kati ya mjazo na mpaka wake kuna kipimo kinachoitwa Expand, kinachopanua umbo kabla ya kushonwa. Milimita 0.2 kwa kitambaa kilichofumwa kwa mtande na mshindo, 0.4 kwa fulana na sweta. Pengo likibaki upande mmoja tu, usiongeze tena. Fremu inayoshika kitambaa imelegea au kitambaa kilivutwa wakati wa kukifunga, na hilo halitibiki kwenye kompyuta.

Urefu wa mshono wa mjazo ni milimita 3, nao nauacha. Stagger, kinachosogeza matobo ya sindano yasipangane mstari kwa mstari, kiko 4, nacho nakiacha. Ukikiweka 1 matobo yanajipanga na kutengeneza mifereji inayoonekana kwa mbali. Wapo wanaoitaka hiyo mifereji kama pambo. Sawa, lakini si kwenye nembo ya benki.

Satini, mishono ya zigizaga iliyobanana inayotengeneza ukanda au nguzo, ni habari nyingine, na hapa Ink/Stitch inadai uvumilivu. Nguzo ya satini inachorwa kwa reli mbili zinazokwenda upande mmoja, zimeunganishwa kuwa njia moja kwa Ctrl+K, na vijiti vya kukatiza vinavyoonyesha mshono ulale vipi. Reli moja ikiwa imegeuzwa kinyume, mishono inaweza kuvuka kwa mshazari na kutoa kitu kama kamba iliyosokotwa. Njia ya mkato ipo: chora mstari wenye unene unaoutaka, halafu tumia Convert Line to Satin. Kwenye kona kali bado utarekebisha vijiti kwa mkono.

Nafasi ya zigizaga inakuja 0.4, lakini isome vizuri. Hiyo ni kutoka kilele hadi kilele, yaani kwenda na kurudi. Cherehani za kawaida zinapima mshono mmoja tu, kwa hiyo 0.4 hapa ni sawa na 0.2 kwenye gurudumu la cherehani yako. Nguzo ya milimita 30 ina vilele 75, na sindano inashuka mara 150. Fundi aliyezoea cherehani ya zigizaga akiandika 0.2 humu anapata msongamano maradufu ya aliokusudia, na uzi unakatika kila sentimita.

Mishono ya chini ya satini iko ya aina tatu, kila moja na kisanduku chake cha kuwasha. Hakikisha umewasha unayoitaka. Nguzo isiyofika milimita 2 naipa mstari mmoja wa katikati basi. Kati ya 2 na 4 naweka wa pembeni. Zaidi ya 4, wa pembeni pamoja na zigizaga pana. Wa pembeni unaingia ndani milimita 0.4 kila upande, kwa hiyo kwenye nguzo ya milimita 1.2 inabaki 0.4 tu kati ya mistari miwili, na unachopata ni kifundo kigumu. Ndio ugonjwa wa herufi ndogo nyingi.

Fidia ya mvuto ya satini, Pull compensation, inasukuma kingo za nguzo nje kwa milimita unazoandika. Bila hiyo nguzo inatoka nyembamba kuliko ulivyochora, na herufi I inaonekana mgonjwa karibu na O. Naanzia 0.1 kwa turubai ya kapelo, 0.15 kwa popilini, 0.25 kwa fulana ya kola, na 0.3 au 0.35 kwa sweta. Unaweza kuandika namba mbili, moja kwa kila upande, jambo linalosaidia pale ukingo mmoja wa satini unapopanda juu ya mjazo na mwingine unakaa juu ya kitambaa kitupu. Angalia tu matundu ya a, e na 8: fidia ikizidi yanajifunga.

Satini inayozidi milimita 7 hivi kwa upana inanasa kwenye kucha, pete na zipu. Kuna kipimo cha urefu ambao mshono hauruhusiwi kuuzidi, nacho kinaigawa. Kwa nembo za sare mimi naigeuza kuwa mjazo moja kwa moja, maana sare inafuliwa kila wiki kwa brashi.

Darizi ya shingo ya kanzu inafaidika na kipimo kidogo ambacho wengi hawakifungui: mishono mifupi kwenye mizingo. Nguzo ikikunja, ukingo wa ndani unasongamana. Programu inatambua matobo yaliyokaribiana kuliko milimita 0.25 na kurudisha baadhi yao ndani kwa asilimia 15. Kwa mizingo mikali ya shingo naongeza hadi 25 au 30. Bila hiyo popilini inatoboka upande wa ndani, na kanzu nyeupe haifichi tundu.

Herufi chini ya milimita 5 usizijaze wala usizilazimishe satini kwa uzi namba 40. Tumia uzi namba 60 na sindano 65, au chora mstari mmoja wenye mshono wa milimita 1.5 na uwashe marudio ya bean, unaopita kila mshono mara tatu. Kifaa cha Lettering kina fonti zilizokwisha andaliwa, na kila fonti ina kikomo cha kupunguzwa na kukuzwa. Kiheshimu. Ukiipunguza zaidi kwa panya nje ya kifaa, idadi ya milimita kati ya mishono inabaki ileile lakini nguzo zinakuwa nyembamba kuliko sindano inavyoweza.

Kabla ya kutoa faili, napitisha Troubleshoot Objects, inayoonyesha kwa mshale umbo lenye kasoro, kisha Density Map, inayotia rangi sehemu zilizosongamana. Sehemu nyekundu kwa kawaida ni mahali ambapo umbo moja limelala zima juu ya jingine. Kata lile la chini na uache yapandane milimita 1 hivi.

Wakati wa kuhifadhi, faili la SVG, lile la mchoro wenyewe wa Inkscape, ndilo mama. DST na PES zinabeba mishono tu. Ukizifungua tena hupati umbo wala vipimo vyake, na kukuza kazi kutoka hapo ni kunyoosha mishono tu. DST haibebi hata rangi, inabeba vituo vya kubadilisha uzi, kwa hiyo mwendesha mashine anahitaji karatasi yenye mpangilio wa rangi. Ink/Stitch inaitoa kama PDF, pamoja na idadi ya mishono, ambayo inafaa sana unapotoza kwa kila mishono elfu. Amri ya kukata uzi kwenye DST inaandikwa kama miruko kadhaa mfululizo, yaani sindano kusogea bila kushona. Mashine ikipita bila kukata, angalia kwenye paneli yake imewekewa miruko mingapi ndiyo ikate.

Vipimo ukishavipata vya kitambaa fulani, vihifadhi kwa jina kwenye Presets chini ya dirisha la Params. Vyangu vinaitwa sweta, kola, popilini na kapelo, na kila oda mpya inaanza hapo. Kwanza hata hivyo nashona nguzo nne za satini na mraba wa sentimita 3 kwenye kipande cha kitambaa chenyewe, na karatasi ileile ya nyuma, na kuzipima kwa rula. Geuza kipande hicho pia: uzi wa bobini, ule wa chini, uonekane theluthi ya katikati ya satini. Ukiuona umejaa nyuma nzima, uzi wa juu umekaza mno. Usipouona kabisa, umelegea. Katika hali hizo mbili hakuna namba ya Params itakayokuokoa.

Anayetoka kwenye programu za kulipia atakosa uchaguzi wa kitambaa unaobadilisha vipimo vyote kwa mbofyo mmoja, na kugeuza picha kuwa darizi papo hapo. Hiyo ya pili silalamikii. Kazi za namna hiyo nimezifumua nyingi kuliko nilizozishona.