Nimenunua lofa Kariakoo nikaishia kuitwa lofa

Jamani mi sio mtu wa kulalamika hovyo ila hili limenikaa kooni. Kama mwezi hivi umepita nilinunua lofa duka moja Kariakoo, hizi wengi tunaziita moka, unatumbukiza mguu unaondoka, hakuna kamba. Nyeusi, zina kale kamkanda ka ngozi kwa juu kenye kitundu, mtindo ambao kampuni ya viatu ya Bass ya Marekani iliutoa 1936 na mpaka leo haujachuja. Kwa 45,000 najua sio orijino, sina shida na hilo. Nilizipenda kwa sababu msikitini nazivua bila hata kuinama.

Wiki ya pili tu, natoka swala ya Ijumaa, soli ya kulia ikaachia mbele, kiatu kinacheka njia nzima mpaka nyumbani.

Sawa, vitu vinaharibika. Nikazirudisha. Mi ni mlinzi wa usiku, natoka kazini saa kumi na mbili asubuhi, saa nne niko pale dukani sijafumba jicho. Kijana wa pale hata salamu hakuitikia, kakigeuzageuza kiatu akasema nimekianika juani, nikamwambia dogo nisikilize kwanza, ndo akawageukia wenzake eti haya malofa ndo wateja wetu wa asubuhi, watu wako makazini we unazurura na kiatu mkononi. Wakacheka wote, na duka limejaa wamama.

Najua lofa ni jina la kiatu, hata Kizungu chenyewe neno ni hilohilo kwa kiatu na kwa mvivu. Ila kwetu lile ni tusi, mnakumbuka mzee Mkapa alivyolitamka kwenye kampeni 2015 kelele zilivyokuwa. Mimi nimekesha getini masaa 12 halafu mtoto aliyeamka saa mbili ananiita lofa!

Nilitaka niwaambie msizinunue kabisa. Lakini fundi viatu Buguruni kazishona soli zote mbili kwa uzi, 4,000 tu, na sasa zimetulia, ngozi imelainika, juzi nimezivaa kutwa nzima hazijanibana popote. Kiatu chenyewe kizuri, nasema kweli japo nina hasira. Hapana, kizuri ukishakishona, kabla ya hapo ni wizi.

Pale dukani mi sirudi. Bosi wa duka kama unasoma, hela sitaki tena, nataka yule kijana aniambie samahani kaka, tena mbele ya walewale aliowachekesha.