Keria ya kubebea pikipiki nyuma ya gari: ipi ununue ukiwa Marekani, na ipi uiache dukani

Boksi likiandikwa kwamba keria inabeba ratili 600, hiyo ni habari ya keria. Gari lako halijaulizwa. Wengi wetu huku Marekani tunaopenda kupeleka pikipiki porini wikendi tunanunua kwa kutazama namba hiyo na bei, halafu tunashangaa mbona sehemu ya nyuma ya gari imelala. Kwa hiyo kabla sijapanga ipi ya kwanza na ipi ya mwisho, inama nyuma ya gari usome kibandiko kilicho kwenye chuma cha kuvutia tela.

Tundu la mraba la chuma hicho huwa la inchi 1¼ au inchi 2 kwa magari mengi. Kama lako ni la inchi 1¼, chuma chako ni cha daraja la kwanza au la pili (Class I au II), na mzigo wa kukandamiza tundu hauvuki ratili 200 kwa la kwanza na 350 kwa la pili. Ruka hadi kwenye tela la kukodi hapo chini. Kile kiunganishi kinachogeuza 1¼ kuwa 2 hakiongezi nguvu hata ratili moja, na ajabu ni kwamba kinauzwa rafu moja na keria.

Daraja la tatu, tundu la inchi 2, ndipo pa kuanzia. Hapo pana mtego mmoja: vibandiko vingi vina safu mbili, WC (mzigo wa kawaida) na WD. WD ni ya watu waliofunga vyuma maalumu vya kusambaza uzito wa tela. Keria haina vyuma hivyo, basi soma WC tu. Kisha fungua kitabu cha gari uone kinasemaje. Namba iliyo ndogo kuliko zote ndiyo yako.

Tupige hesabu. Gari linaloruhusiwa kuvuta ratili 3,500 kwa kawaida huruhusu 350 za kukandamiza. Honda CRF300L ina uzito wa ratili 309 hivi, sawa na kilo 140. Weka keria ya chuma ya ratili 80, tayari uko 389. Umepitiliza, na bado hujahesabu mikanda wala rampu. Honda CRF250F ya ratili 265 juu ya keria ya alumini ya ratili 50 inakupa 315, hiyo inapita. Usijibane hadi ukomo, kwa sababu pikipiki inaning'inia kama futi moja na nusu nyuma ya tundu. Ndoo ya maji ukiishika kwa mkono ulionyooka utaihisi nzito kuliko ndoo iliyo ubavuni, na kila shimo la barabarani linaongeza mkandamizo.

Sasa mpangilio wangu.

Ya kwanza ni keria ya chuma ya inchi 2 yenye rampu yake, kishikio cha gurudumu la mbele na bolti ya kuzuia mtikisiko. Hii ni ya mwenye pikapu au gari kubwa, na pikipiki ya porini isiyozidi ratili 350. Hiyo bolti ndiyo inayotofautisha keria nzuri na kelele. Bila ya kuikaza, keria inacheza ndani ya tundu, pikipiki inayumba, na wewe unaitazama kwenye kioo safari nzima. Pima pia upana wa mfereji wa gurudumu: mingi imekatwa kwa tairi nyembamba za porini, wakati tairi ya nyuma ya pikipiki nyingi kubwa za lami ni milimita 180, inchi 7 na kidogo.

Ya pili ni ya alumini. Ni ghali zaidi na kikomo chake mara nyingi ni ratili 400, ila kwa gari la kati kama lile la hesabu yetu ndiyo pekee yenye maana. Tena unaibeba mwenyewe hadi gereji bila kumwita jirani.

Ya tatu si keria kabisa: ni tela la pikipiki la kukodi. Kampuni ya ukodishaji ya U-Haul wanalo, lina rampu na kishikio cha gurudumu. Mwenye Kawasaki KLR650, inayokaribia ratili 460, au Harley yoyote kubwa, asipoteze muda na keria. Sehemu kubwa ya uzito inabebwa na magurudumu ya tela. Anayesafirisha mara mbili kwa mwaka naye atatumia fedha kidogo zaidi hapa, na hana chuma cha kuhifadhi.

Ya mwisho ni keria ya pikipiki mbili. Hesabu yake haikubali kwa magari ya kawaida, iache.

Bajeti iliyobaki iende kwenye mikanda. Ile ya bure inayokuja na keria itumie kufungia maboksi. Nunua minne mizuri ya racheti na vitanzi laini vya kuzungusha kwenye usukani ili ndoano zisikwaruze. Kaza ya mbele hadi shokabzoba zishuke kama nusu, usizimalize. Mtu akizibana hadi chini anaweza kuharibu sili zake za mafuta. Kwa pikipiki ya kabureta funga koki ya mafuta.

Kisha chuchumaa uangalie ekzosi ya gari inaelekea wapi. Ikiwa moshi unapiga tairi ya pikipiki, safari ya saa tatu inatosha kuipika, hivyo nunua kipande cha kugeuza mdomo wa bomba la moshi.

Ukimaliza kufunga, mwambie mtu akanyage breki huku wewe umesimama nyuma. Taa zisipoonekana vizuri, nunua seti ya taa za kufunga kwenye keria na kuchomeka kwenye plagi ya tela. Namba ya gari nayo iwe wazi, kwa sababu majimbo mengi yanakataza kuizuia. Kamera ya nyuma itaona tairi tu, na vihisi vya kuegesha vitapiga kelele ukirudi nyuma. Tafuta kitufe cha kuvizima kabla hujaondoka nyumbani.